Sina Mimba, Siumwi: Niende Kliniki Kufanya Nini?

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, ukisikia kwamba mwanamke fulani "ameanza kliniki", huulizi kliniki ya nini. Unauliza mimba ina miezi mingapi. Neno lenyewe tumelifungamanisha na mimba na mtoto mchanga, na mtoto akishamaliza chanjo zake na kadi ikawekwa kabatini, mama naye hukoma kwenda, hadi siku atakayobeba mimba nyingine au atakayoshindwa kusimama kwa maumivu. Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini karibu zote zinahusu kipindi hicho cha katikati, ambacho kwa wengine ni miaka 30 na zaidi, wakati mwanamke hana mimba, hanyonyeshi, wala hana ugonjwa anaoweza kuutaja anapoomba ruhusa kazini. Nimezijibu kwa urefu unaotofautiana, kwa kuwa baadhi zinahitaji maelezo na nyingine zinahitaji hatua ya haraka.

Shikamoo Mkunga. Nina miaka 38 na watoto watatu, naishi Korogwe. Nilipompeleka mwanangu wa mwisho kupimwa uzito, nesi aliniambia nipite chumba cha pili nikapimwe mlango wa kizazi. Nikamjibu kuwa siumwi, nikaondoka. Jirani yangu anasema katika kipimo hicho wananyofoa kinyama, na mume wangu anauliza kwa nini nikapimwe ugonjwa ambao sina. Je, nilikosea?

Marahaba, mama. Nianze na swali la mumeo, kwa sababu ndilo zito, na nafurahi kwamba ameliuliza badala ya kukukataza tu. Kipimo ulichoambiwa hakikusudiwi kwa mtu anayeumwa. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu mara zote, na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana na ambacho watu wengi hukipata wakati fulani maishani bila kujua. Miili ya wengi hukiondoa yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache kirusi hubaki, na kikikaa muda mrefu huanza kuzibadilisha seli za mlango wa kizazi, polepole sana: kwa mwanamke mwenye kinga imara, kutoka mabadiliko hayo hadi saratani kamili huwa ni miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo hapaumi, hapawashi, wala hapatoki damu. Kwa hiyo ulipomwambia nesi kwamba huumwi, ulikuwa unamtajia sifa ya yule hasa anayemtafuta.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania waligundulika na saratani hii katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki kwayo. Sababu kubwa ya idadi ya pili kukaribia ya kwanza ni kuchelewa. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jijini Dar es Salaam, hufika wakati ugonjwa umekwisha kuenea nje ya mlango wa kizazi, na wakiulizwa walianza kuona nini, husema damu baada ya tendo la ndoa, au maji yenye harufu kali, au maumivu ya nyonga. Hizo si dalili za mwanzo.

Sasa nikueleze kinachofanyika katika chumba hicho cha pili, maana hofu nyingi hukaa katika jambo ambalo mtu hajalishuhudia. Utaulizwa maswali machache, utavua nguo ya ndani, utajifunika kanga yako na kulala chali kitandani, magoti yakiwa yamekunjwa. Mkunga ataingiza kifaa chenye midomo miwili kinachofungua uke ili aone ndani. Hapo utasikia ubaridi na mbano, na ukikaza mapaja mbano unazidi, kwa hiyo wakunga wazoefu humwambia mama apumue kwa mdomo na kuachia makalio yakae kitandani. Kisha huchukua pamba iliyochovywa katika dawa ya asidi isiyo kali, ya jamii moja na siki ya jikoni, huipaka kwenye mlango wa kizazi, na husubiri dakika moja nzima. Ngozi iliyo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Penye mabadiliko huibuka doa jeupe lenye kingo zinazoonekana kwa macho. Basi. Kuanzia kulala hadi kushuka kitandani ni dakika chache tu, na majibu unaondoka nayo hapo hapo.

Kinyama anachokisema jirani yako hunyofolewa pale tu mkunga anapoona kitu kinachotia shaka ya saratani yenyewe, na mara nyingi hufanyika hospitali kubwa zaidi. Doa la kawaida hutibiwa bila kukata, kwa kifaa cha kugandisha kwa baridi kali au cha kuunguza kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo. Baada ya matibabu hutoka majimaji kwa wiki kadhaa, na wenzi huombwa wasikutane kimwili kwa muda wa mwezi mmoja hivi ili kidonda kipone. Kizazi hakiondolewi na uwezo wa kupata mimba unabaki. Doa likiwa kubwa mno utapewa rufaa.

Mwongozo tunaoufuata huwalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi na hupimwa mara nyingi zaidi, kwa sababu hatari yao ni kama mara 6 ya wenzao. Majibu yakiwa mazuri kwa kipimo hiki cha siki, unarudi baada ya miaka mitatu. Pale panapopatikana kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti chenye pamba, muda wa kurudi huwa mrefu zaidi. Chagua siku ambayo huna hedhi, na siku mbili kabla yake msikutane kimwili wala usiingize dawa yoyote ukeni. Nywele usizihangaikie. Nimeona akina mama wakiahirisha miezi sita kwa sababu hawakuwahi kunyoa, nami nawahakikishia kwamba mkunga hatazami huko.

Jambo moja zaidi kwa ajili ya nyumba yako: kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, hata tangu kabla ya ndoa, kwa hiyo doa likionekana si ushahidi kwamba kati yenu kuna aliyetoka nje.

Hukukosea kwa kuogopa. Rudi tu wiki ijayo.

Je, ninaweza kukataa kupimwa na mwanamume bila kuonekana mkorofi? Mimi ni Mwislamu na jambo hili ndilo linalonizuia.

Unaweza, na husemi vibaya ukisema hivi: "Naomba nihudumiwe na mwanamke." Katika vituo vyetu wanaofanya kipimo cha mlango wa kizazi kwa sehemu kubwa ni wauguzi wakunga wa kike. Ukiwa na wasiwasi, uliza dirishani kabla ya kukata kadi siku gani kuna mhudumu wa kike, na uende na dada au wifi ambaye ataruhusiwa kukaa nawe chumbani ukitaka.

Mimi ni baba wa binti wa miaka 11. Shuleni wametuletea taarifa ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Katika kundi letu la WhatsApp la wazazi wanasema ni njama ya kuwafanya mabinti wetu wagumba, na wengine wanasema ni kuwaruhusu uhuni. Binti yangu ni mdogo, ana haja gani ya chanjo hii?

Chanjo hii imekuwa ikitolewa duniani tangu mwaka 2006, na hapa Tanzania iliingizwa katika utaratibu wa kitaifa Aprili 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo wasichana wa kwanza kabisa kuchanjwa nchini wamekwisha kuwa watu wazima. Ndani ya chanjo hamna kirusi hai. Kuna maganda tu ya protini yanayofanana na ganda la kirusi, yasiyoweza kuambukiza, ambayo mwili huyatumia kujifunza sura ya adui. Haigusi mayai ya binti wala kizazi chake. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe, kwa maana mwanamke kijana anayepatikana na saratani iliyokwisha kuenea kidogo mara nyingi hulazimika kuondolewa kizazi chote au kupigwa mionzi.

Umri mdogo ndio sababu yenyewe. Chanjo hufanya kazi vizuri ikimkuta mtu hajawahi kukutana na kirusi, na mwili wa binti wa miaka 11 hujenga kinga kubwa kuliko wa msichana wa miaka 20. Hatumsubirishi mtoto chanjo ya surua hadi surua iingie mtaani. Kuhusu uhuni, sindano moja ya begani haimfundishi mtoto chochote juu ya wanaume. Anachofundishwa juu ya hilo kinatoka nyumbani kwako na katika simu yake. Ongezea tu kumwambia kwamba akifika miaka 30 atahitaji bado kupimwa, kwa kuwa aina mbili kuu za HPV zinazolengwa na chanjo, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi, na si zote.

Habari ya kazi, dada Mkunga. Nina miaka 24, nipo Dar es Salaam. Kwa mwaka huu nimetibiwa UTI mara tatu kwa sababu natokwa na uchafu ukeni na kuwashwa. Nikimaliza dozi napata nafuu wiki mbili, halafu hali inarudi. Rafiki yangu ameniuzia vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni kusafisha kizazi. Nilipotumia vya kwanza uchafu mwingi sana ulitoka, kwa hiyo naona vinafanya kazi. Niendelee?

Usiendelee, mdogo wangu. Tafadhali vitupe vilivyobaki, na usimrudishie rafiki yako akamuuzie mwingine.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na njia ya mkojo na uke ni milango miwili tofauti inayopakana. Mwenye UTI huchomwa anapokojoa na hubanwa na mkojo kila mara. Wewe katika barua yako yote hukutaja mkojo hata mara moja. Siku hizi jina hili limekuwa kapu la kila kitu: msichana akilalamika chini ya kitovu, dirisha la duka la dawa linamjibu "una UTI" na kumkatia antibayotiki kabla hajamaliza sentensi. Antibayotiki hizo huua na bakteria walinzi wa uke, ambao kazi yao ni kuutengenezea asidi kidogo inayozuia wageni. Walinzi wakipungua, fangasi waliokuwa wachache hupata nafasi. Siwezi kukupima kwa barua, lakini mzunguko ulioueleza, wa dozi, nafuu ya wiki mbili na kuwashwa upya, ndio ambao mara nyingi huishia kwenye jibu la fangasi, ambao antibayotiki haiwatibu hata unywe mara kumi.

Si kila kinachotoka ni uchafu, na hapa lugha yetu inatuponza. Uke wenye afya hutoa ute. Katikati ya mwezi, yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai bichi la kuku, na siku za karibu na hedhi huwa mzito na mweupe. Huo hautibiwi. Kinachohitaji kuonwa ni ute uliobadilika: mzito kama maziwa ya mgando unaoambatana na mwasho mkali, ambao huashiria fangasi, wa kijivu wenye harufu ya shombo, hasa baada ya kujamiiana, unaoonyesha kwamba bakteria wa uke wamevurugika, au wa njano au kijani wenye povu, ambao unaweza kuwa wa ugonjwa wa zinaa uitwao trikomona, na huo haufai kutibiwa peke yako wakati mwenzi wako hajameza dawa. Ukipata maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, usingoje siku ya mapumziko, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye mirija ya uzazi, na mirija ikipata makovu ndiyo chanzo kimojawapo kikubwa cha kukosa watoto.

Ama vidonge vya kusafisha kizazi, hivyo navijua kwa macho. Mama mmoja aliniletea, ndani ya karatasi ya chooni iliyokunjwa kwa uangalifu mkubwa, kile alichokiita uchafu wa miaka kumi: vipande vyeupe, vilaini, vinavyoteleza kama maganda ya maharage yaliyochemshwa. Alikuwa na furaha. Tulipomtazama kwa kifaa, kuta za uke zilikuwa nyekundu na zimechubuka, na vile vipande vilikuwa ngozi yake mwenyewe iliyobabuka kwa dawa. Kitu kikali kikiwekwa penye ngozi laini, ngozi huchubuka na kutoa majimaji mengi kujitetea, na muuzaji huyaita majimaji hayo ushahidi. Isitoshe, mlango wa kizazi ni mwembamba na umezibwa na ute mzito muda mwingi wa mwezi. Kidonge kilicho ukeni hakipandi kwenda kufagia juu. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi, na kazi hiyo ndiyo hedhi. Nayasema haya haya kuhusu shabu ya kubana, sabuni ya kunukia ndani, dawa ya kusafishia vidonda iliyochanganywa na maji, na kujifukiza udi pale penyewe. Nje osha kwa maji safi, ndani pasiguswe.

Nenda kituo cha afya, si dukani, useme maneno haya: "Naomba nipimwe ute wa ukeni." Mwambie daktari idadi ya dozi ulizokunywa na utaje vidonge ulivyoweka. Ukipenda, mwombe akupime na VVU na sukari siku hiyo hiyo, maana fangasi wanaorudi rudi wakati mwingine huwa ni dalili ya sukari iliyopanda.

Nachoma sindano ya miezi mitatu tangu mwaka jana. Mwezi wa saba huu sijaona siku zangu. Mama mkwe anasema damu inajikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Naogopa.

Damu isiyotengenezwa haiwezi kujikusanya. Kila mwezi kizazi hujitandikia utando wa ndani kwa ajili ya mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka na kutoka kama hedhi. Homoni ya sindano huufanya utando huo uwe mwembamba mno kiasi kwamba hakuna cha kubomoka, na baada ya mwaka mmoja wa sindano takribani nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa. Uvimbe wa kizazi anaouogopa mama mkwe, fibroidi, ni msuli wa kizazi uliojiotea, hautokani na damu iliyokwama, na huwapata wengi ambao hawajawahi kugusa uzazi wa mpango.

Ninachotaka ukijue ni kingine, ambacho huenda hukuelezwa: ukiacha sindano, uwezo wa kushika mimba hukawia kurudi, kwa wastani miezi 10 hivi tangu ile ya mwisho, na kwa wengine hata zaidi. Unarudi, lakini unakawia. Ikiwa mnapanga mtoto mwakani, zungumza na mkunga wako kuhusu kijiti au kitanzi, ambavyo vikitolewa uzazi hurejea upesi. Na ikiwa uliwahi kuchelewa tarehe ya sindano, pima mimba kabla ya kuamini maneno yangu au ya mama mkwe.

Mama yangu ana miaka 61, alikoma hedhi miaka tisa iliyopita. Tangu mwezi uliopita anaona matone ya damu, si mengi, yanakuja na kupotea. Anacheka kwamba amerudi usichana na hataki kwenda hospitali. Je, siku zinaweza kurudi?

Haziwezi. Mwanamke akishapitisha miezi 12 bila hedhi, damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hapo, hata iwe tone moja la kutia doa kwenye nguo, ni jambo la kuchunguzwa. Mara nyingi sababu huwa ndogo, kama ngozi ya uke iliyokuwa nyembamba kwa upungufu wa homoni au kinyama kilichoota kisicho na madhara, lakini ndiyo njia ambayo saratani ya utando wa kizazi hujitambulisha mapema, ingali inatibika vizuri, na huwezi kuitofautisha kwa kuitazama damu.

Mpeleke hospitali ya mkoa au ya rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kipimo cha siki nilichomweleza mama wa Korogwe hakimtoshi, kwa sababu katika umri wake sehemu inayotakiwa kuonwa imekwisha kurudi ndani; atahitaji ultrasaundi ya kizazi, na pengine sampuli ya utando kwenda maabara. Andika kwenye karatasi tarehe za matone, dawa zote anazomeza pamoja na za presha na za mitishamba, na umwombe asijisafishe ndani kabla ya kwenda. Ikiwa siku ya miadi itamkuta hana hata tone, aende hivyo hivyo na aseme ilitoka, maana ndivyo akina mama wengi wanavyorudi nyumbani bila kuonwa: damu imekauka, nao wanageuzia kituoni.